Serikali ya nusu mkate: kwa nini Kisumu na Nakuru hazikuipokea kwa moyo mmoja

Kila mara chama kilichokuwa upinzani kinapopewa nafasi katika baraza la mawaziri, mjadala wa Kisumu na mjadala wa Nakuru hushika njia mbili, na kila upande hurejea mwaka 2008 kutafuta ushahidi wake. Aliye Kondele, mtaa wa Kisumu, hukumbuka kwamba nusu ya serikali ilipewa watu walioamini kuwa wameshinda serikali nzima. Aliye Kaptembwo au Free Area, mitaa ya Nakuru, hukumbuka kwamba mkataba wa kugawana madaraka ulipotiwa saini mauaji yalikoma, lakini swali la waliofukuzwa makwao watarudi wapi likasukumwa pembeni. Kumbukumbu zote mbili ni za kweli. Kinachokosekana katika mazungumzo mengi ni maelezo ya jinsi uchaguzi wa 27 Desemba 2007 ulivyofika mahali ambapo mshindi hakuweza kujulikana, jinsi serikali ya mseto ilivyofungwa kisheria, na sababu za mkataba mmoja kupokewa kwa namna zinazopingana na watu ambao safari ya saa chache tu ya matatu ndiyo inayowatenganisha.

Tuanze na jambo linalochanganywa sana. Uchaguzi unaweza kukosa mshindi kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Njia ya kwanza ni pale kura zinapohesabiwa vizuri, kila mtu akazikubali, ila hakuna chama kilichopata za kutosha kutawala peke yake. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza katika uchaguzi wa 6 Mei 2010. Chama cha Conservative kilipata viti 306, Labour 258 na Liberal Democrats 57, ilhali bunge lilikuwa na viti 650 na wingi ulihitaji 326. Hakuna aliyebishania hesabu. Lililobaki lilikuwa kuamua nani ataungana na nani, na baada ya siku tano David Cameron alikuwa Waziri Mkuu, Nick Clegg wa Liberal Democrats akiwa naibu wake. Wafuasi wa Clegg walikuja kukasirika sana, hasa kwa sababu wabunge wa chama hicho walikuwa wameahidi kupinga nyongeza ya karo ya vyuo vikuu, kisha Desemba 2010 serikali waliyokuwamo ikapandisha kiwango cha juu cha karo hiyo hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Walipopata nafasi ya kusema, katika uchaguzi wa 2015, walikipunguza chama hicho kutoka viti 57 hadi 8. Hasira yao ilikuwa kali, lakini ilikuwa na pa kushika: walijua kura yao ilikuwa ngapi, walijua ilipelekwa wapi, na walijua ni nani wa kumlaumu.

Njia ya pili ni pale hesabu yenyewe inapokosa kuaminika. Hapo ndipo Kenya ilipoangukia, na hapo ndipo mkanganyiko wote unapoanzia, kwa sababu mseto unaozaliwa na hesabu isiyojulikana humwacha kila mpiga kura akiamini kwamba aliyeketi upande wa pili wa meza amechukua kitu kisicho chake.

Tarehe 30 Desemba 2007, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya wakati huo, ECK, marehemu Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki wa chama cha PNU kuwa mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila Odinga wa chama cha ODM (Orange Democratic Movement). Kalonzo Musyoka alikuwa wa tatu akiwa na takriban kura 880,000. Jioni hiyohiyo Kibaki aliapishwa katika Ikulu ya Nairobi. Siku chache baadaye Kivuitu aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakujua kama kweli Kibaki alishinda. Kauli hiyo ilisikika Kisumu kama ungamo, na katika mitaa mingi ya Nakuru ikasikika kama udhaifu wa mzee aliyeshinikizwa kutoka kila upande.

Baadaye mwaka huo, tume huru iliyoongozwa na jaji mstaafu Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilichunguza uchaguzi huo na kutoa ripoti Septemba 2008. Wengi waliisubiri wakitumaini kwamba itataja jina. Haikutaja. Ilisema kwamba ukusanyaji na ujumlishaji wa matokeo uliharibika kiasi kwamba haikuwezekana tena, kwa mtu yeyote, kubaini nani alishinda, na kwamba makosa hayo yalifanyika katika ngome za pande zote mbili. Ripoti hiyo ilipelekea ECK kuvunjwa, lakini haikumridhisha mtu. Mfuasi wa ODM aliona imemnyima ushindi aliokuwa na hakika nao, na mfuasi wa PNU aliona imeutia doa ushindi uliokwisha kutangazwa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo lililopokewa kwa uchungu mwingi na kueleweka kidogo kuliko yote ya kipindi kile: hakuna daftari lililofichwa mahali ambalo siku moja litafunguliwa na kutuambia nani alishinda.

Kuna hoja nyingine iliyofunikwa na moshi wa siku zile. Hata tukizichukua takwimu za ECK kama zilivyotangazwa, Kibaki alikuwa na takriban asilimia 46 ya kura. Katiba ya wakati huo haikumdai mshindi nusu ya kura zote. Ilimtaka awe na kura nyingi kuliko mwingine yeyote, apate asilimia 25 katika angalau mikoa mitano kati ya minane, na awe mbunge. Kwa kanuni za leo, takwimu zilezile za Kivuitu zingetupeleka moja kwa moja kwenye duru ya pili.

Na bungeni Kibaki hakuwa na wingi. ODM ilikuwa imepata viti 99, PNU 43 na ODM-Kenya ya Kalonzo 16, vingine vikienda kwa vyama vidogo, vingi vyao vikimuunga mkono Kibaki. Wabunge walipokutana kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 2008, Kenneth Marende wa ODM, mbunge wa Emuhaya, alimshinda Francis ole Kaparo katika kinyang'anyiro cha uspika kwa kura 105 kwa 101, tena baada ya duru tatu. Kwa hiyo Kenya ilipatwa na mikwamo yote miwili kwa wakati mmoja: rais ambaye ushindi wake haukuweza kuthibitishwa, na bunge ambalo hangeweza kulitegemea kupitisha hata bajeti. Anayedhani kwamba Kibaki aligawana madaraka kwa sababu ya shinikizo la mataifa ya nje peke yake anaisahau kura ya uspika.

Mbona hawakwenda mahakamani? Swali hili huulizwa sana na vijana waliokua wakiona kesi za urais zikitangazwa moja kwa moja kwenye televisheni, na linastahili jibu la kina, maana bila jibu hilo hasira ya Kisumu huonekana kama ukaidi mtupu. Chini ya katiba ya zamani hakukuwa na muda maalumu wa kuamua kesi ya urais, na rais aliapishwa mara moja, hivyo kesi ilisikizwa huku mshtakiwa akiwa Ikulu. Kenneth Matiba alimshtaki Daniel arap Moi baada ya uchaguzi wa 1992, na kesi ikatupwa kwa sababu hati zilitiwa saini na mkewe kwa niaba yake, wakati yeye mwenyewe alikuwa hawezi kuandika kutokana na maradhi yaliyompata kizuizini. Baada ya uchaguzi wa 1997 aliyeshtaki alikuwa Kibaki, na kesi yake nayo ikatupwa kwa sababu Moi hakukabidhiwa hati za mashtaka mkononi, jambo ambalo walinzi wa rais wasingemruhusu mtu yeyote kulifanya. Kwa hiyo viongozi wa ODM waliposema hawaendi kwenye mahakama hizo, walikuwa wanaeleza njia ambayo mpinzani wao wa sasa alikuwa ameshaipita na kukuta imefungwa. Zaidi ya hayo, kabla ya uchaguzi wa 2007 Kibaki alikuwa ameteua makamishna wapya wa ECK bila kuvishirikisha vyama vya upinzani, kinyume cha mapatano ya 1997 kati ya vyama vya bungeni, yaliyoitwa IPPG, na imani iliyokuwa imebaki katika tume hiyo ikapungua zaidi.

Barabara ndiyo iliyobaki, na barabara iliua. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Mamia ya maelfu ya watu walihama makwao. Bonde la Ufa ndilo lililopoteza watu wengi zaidi. Takwimu hizi zinajulikana, lakini ni muhimu kutazama jinsi vifo hivyo vilivyogawanyika, kwa sababu mgawanyiko huo unaeleza mengi kuhusu mapokezi ya mseto.

Mjini Kisumu, sehemu kubwa ya waliokufa waliuawa kwa risasi za polisi. Maduka ya katikati ya mji yaliporwa na kuchomwa, na familia za Wakikuyu na Wakisii zilizokuwa zimeishi pale kwa miaka mingi zilifukuzwa, jambo ambalo wenyeji wa Kisumu hawana budi kulitaja wanapotaja machungu yao. Hata hivyo, kwa kijana wa Nyalenda au Manyatta sura ya ghasia ilikuwa ya mtu mwenye sare na bunduki. Januari ile televisheni ilionyesha polisi akimpiga risasi kijana asiye na silaha mjini humo, na picha hizo hazijafutika. Kwa hiyo katika fikra za Kisumu aliyetenda uovu alikuwa serikali yenyewe, na dawa iliyofuata kwa mantiki hiyo ilikuwa kuingia ndani ya serikali.

Mjini Nakuru mambo yalikwenda vingine. Katika wiki za kwanza za Januari mji huu ulikuwa kimbilio. Watu waliofukuzwa Eldoret, Burnt Forest, Molo na Kericho walifika kwa malori wakiwa na magodoro na watoto, wakajaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mwishoni mwa mwezi huo vita viliingia mjini penyewe, katika mitaa ambamo Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo na Waluhya walikuwa wamepanga vyumba katika ploti moja, kisha vikafika Naivasha, ambako watu 19, wakiwemo watoto, waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Waliokimbia safari hii walikuwa wengine, na wengi wao walielekea magharibi, wakipitia Kisumu na Kakamega kwenda kwa ndugu ambao baadhi yao hawakuwa wamewaona kwa miaka. Kwa mkazi wa Nakuru, aliyetenda uovu mara nyingi alikuwa mtu wa mlango wa pili. Dawa ya jambo hilo haipatikani katika orodha ya mawaziri.

Tukiiweka tofauti hii mbele yetu, mkataba wenyewe unaeleweka vizuri zaidi. Baada ya juhudi za John Kufuor, aliyekuwa rais wa Ghana na mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, jopo la Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel liliwasili Januari 2008 na kuongoza mazungumzo katika hoteli ya Serena, Nairobi. Upande wa PNU uliwakilishwa na Martha Karua, Sam Ongeri, Mutula Kilonzo na Moses Wetang'ula. Upande wa ODM uliwakilishwa na Musalia Mudavadi, William Ruto, Sally Kosgei na James Orengo. Mazungumzo yalikwama mara kadhaa, hadi Annan alipowaweka kando wasuluhishi hao na kuzungumza moja kwa moja na Kibaki na Raila, huku Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa amechukua uenyekiti wa Umoja wa Afrika, akiwa nao. Tarehe 28 Februari wakuu hao wawili walitia saini mbele ya Harambee House.

Jambo lililochelewesha makubaliano lilikuwa kama madaraka ya Waziri Mkuu yataandikwa katika sheria, na hapa lazima turudi nyuma kidogo. Kabla ya uchaguzi wa 2002, kundi la Kibaki na kundi la Raila walikuwa wametia saini hati ya maelewano iliyogawa nyadhifa nusu kwa nusu na kuahidi cheo cha Waziri Mkuu. Muungano wao, NARC, uliposhinda, hati hiyo haikuheshimiwa, na hapakuwa na mahakama ya kuipeleka kwa kuwa ilikuwa karatasi kati ya wanasiasa. Ugomvi huo ulizaa kura ya maoni ya 21 Novemba 2005, ndizi (alama ya ndiyo) dhidi ya chungwa (alama ya hapana), ambapo rasimu ya katiba iliyoungwa mkono na Kibaki ilikataliwa na mawaziri waliompinga wakatimuliwa. ODM ikapata jina lake katika chungwa hilo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na ndiyo maana safari hii walikataa kuondoka Serena na karatasi nyingine ya heshima.

Matokeo yake yalikuwa Sheria ya Mwafaka wa Kitaifa na Maridhiano, iliyopitishwa na bunge tarehe 18 Machi 2008 pamoja na marekebisho ya katiba ya kuilinda. Chini ya sheria hiyo, Waziri Mkuu alikuwa kiongozi wa chama au muungano wenye wabunge wengi zaidi. Alipewa mamlaka ya kuratibu na kusimamia shughuli za serikali. Rais hakuweza kumfuta kazi: ni bunge pekee lililoweza kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, tena kwa wingi wa wabunge wote. Kila upande ulitoa naibu mmoja wa Waziri Mkuu, na ndipo Uhuru Kenyatta na Mudavadi wakashika nyadhifa hizo. Mawaziri waligawanywa kwa kuzingatia nguvu za vyama bungeni, na waziri wa upande mmoja hakutakiwa kuondolewa bila mashauriano na upande wa pili. Mseto ungevunjika bunge likivunjwa, au pande mbili zikikubaliana kwa maandishi, au upande mmoja ukijitoa.

Ukiisoma sheria hiyo kwa makini utaona kwamba inajibu kwa ukamilifu swali la nani ataketi wapi, na haigusi swali la nani alishinda. Sisemi hivyo kuilaumu. Watu walikuwa wanakufa, na Annan alichagua kwa busara kusimamisha kwanza mauaji, akiwaachia kina Kriegler na Waki maswali mazito. Lakini wananchi walipewa jibu la swali ambalo wengi wao hawakuwa wameliuliza, na ndipo jina la serikali ya nusu mkate lilipopata nguvu yake.

Kisumu ilishangilia tarehe 28 Februari, na shangwe hiyo ilikuwa ya kweli, kwa kuwa tangu Jaramogi Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 hakuna mtu wa eneo hilo aliyekuwa amepanda hadi ngazi ya juu kiasi hicho. Ila shangwe ilikuwa na kikomo chake. Kwa mtu aliyeamini kwamba Raila alichaguliwa rais, uwaziri mkuu ni fidia, na fidia huja na maumivu ya kile kilichopotea. Kila mara Waziri Mkuu alipodunishwa, hata katika mambo ya itifaki, nani aketi wapi na nani ahutubu baada ya nani, Kisumu iliona kura zake zikiibwa upya. Mwaka 2009 kulizuka mvutano wa nani awe kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, kati ya Raila na Kalonzo aliyekuwa Makamu wa Rais, na Spika Marende, akikataa kuchagua mmoja pale ambapo Rais na Waziri Mkuu walileta majina mawili tofauti, akaiongoza kamati ya shughuli za bunge mwenyewe kwa muda. Februari 2010 Raila aliwasimamisha kazi Ruto na Ongeri kwa miezi mitatu kufuatia kashfa za mahindi na fedha za elimu ya msingi, na Kibaki akaubatilisha uamuzi huo mara moja. Wanasheria walijadili maana ya neno kusimamia. Mitaani Kisumu suala lilikuwa rahisi zaidi: mwenye nusu mkate hawezi hata kumkaripia mtumishi.

Huko Nakuru kipimo kilikuwa kingine kabisa. Mei 2008 serikali mpya ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, ikaahidi kila familia iliyohama shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Watu wengi walirudi mashambani, lakini kuna walioogopa na kuna ambao hawakuwa na shamba la kurudia, kwa sababu walikuwa wapangaji na wachuuzi tangu awali. Baadhi yao walichanga shilingi 10,000 zao, wakanunua kwa pamoja vipande vidogo vya ardhi na kukaa katika mahema kwa miaka. Mtu anayeishi kwenye hema hupima serikali kwa hema lake. Kwake baraza la mawaziri 40, lililotangazwa Aprili 2008 na kuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia, pamoja na mawaziri wasaidizi, magari na walinzi wao, lilikuwa jibu la wakubwa kwa matatizo ya wakubwa. Na wale waliokwenda magharibi kwa jamaa zao walisahaulika zaidi, kwa kuwa aliyelala jikoni kwa shangazi yake Siaya au Vihiga hakuonekana kambini na hivyo hakuingia vizuri katika orodha za fidia. Hilo ni deni ambalo Kisumu na Nakuru zingeweza kulidai kwa sauti moja, na kwa bahati mbaya hazikufanya hivyo.

Katika mkoa wa Magharibi wenyewe mapokezi yalikuwa ya utulivu zaidi. Mudavadi alikuwa naibu wa Waziri Mkuu na Marende alikuwa Spika, na wengi waliona eneo lao limewakilishwa kwa heshima.

Mseto huo pia ulibadilisha marafiki. Mwaka 2009 serikali ilipoanza kuwaondoa watu katika msitu wa Mau, Waziri Mkuu ndiye aliyesimama mbele ya mpango huo, na wakulima Wakalenjin waliokuwa wamempigia kura kwa wingi mwaka 2007 walimgeuka. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai nayo ilipowataja washukiwa sita Desemba 2010, majina ya Uhuru Kenyatta na William Ruto yaliwekwa katika orodha moja ingawa walikuwa wametoka pande mbili zilizopigana. Tarehe 2 Desemba 2012 wawili hao walisimama pamoja katika uwanja wa Afraha hapa Nakuru kutangaza muungano wao wa Jubilee. Huo nao ulikuwa mseto, lakini wa aina nyingine: ulifanywa kabla ya uchaguzi, na mpiga kura aliweza kuukubali au kuukataa kwenye debe. Wakosoaji waliuona kama njia ya kukwepa The Hague. Wakazi wengi wa Nakuru, wawe Wakikuyu au Wakalenjin, waliuona kwanza kama hakikisho kwamba katika uchaguzi wa Machi 2013 hawatalazimika kufunga virago. Anayeshindwa kuelewa kwa nini mji huu ulimpokea yeyote aliyeahidi utulivu, hata alipokuwa na kesi ya kujibu, hajafikiria Januari 2008 ilivyokuwa katika ploti zetu.

Haitakuwa haki kuupima mseto kwa ugomvi wake peke yake. Bunge lililokuwa karibu lote ndani ya serikali lilikosa upinzani rasmi, na wabunge waliobaki nje walilalamika kuhusu hilo mara nyingi. Lakini ni mkusanyiko huohuo uliowezesha Kibaki na Raila kuipigia debe katiba mpya wakiwa upande mmoja, nayo ikapita katika kura ya maoni ya 4 Agosti 2010 kwa takriban asilimia 67 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huohuo.

Katiba hiyo iliandikwa na watu waliokuwa na 2007 akilini. Mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Akikosekana wa namna hiyo, duru ya pili hufanyika ndani ya siku 30. Anayepinga matokeo ana siku 7 kwenda Mahakama ya Juu, nayo ina siku 14 za kuamua. Hakuna kuapishwa jioni ya kutangazwa. Cheo cha Waziri Mkuu kiliondolewa, na mawaziri wakawekewa kiwango cha kati ya 14 na 22, wasiwe wabunge. Mpango huu ulijaribiwa tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais, na tena 5 Septemba 2022 ilipouidhinisha ushindi wa Ruto wa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila.

Kile ambacho katiba haikukizuia ni rais aliyekwisha kushinda kuwaita washindani wake mezani. Marudio ya 26 Oktoba 2017 hayakufanyika katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, na Machi 9 mwaka uliofuata Uhuru na Raila wakapeana mikono. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, Ruto aliwafuta kazi karibu mawaziri wote, kisha akawateua viongozi wa ODM kama John Mbadi, Opiyo Wandayi, Hassan Joho na Wycliffe Oparanya. Hati ya maelewano kati ya UDA, chama cha Ruto, na ODM ilitiwa saini tarehe 7 Machi 2025, miezi saba kabla ya Raila kufariki dunia.

Tofauti ya matukio haya na lile la 2008 ni ya msingi, ingawa mitaani yote huitwa nusu mkate. Mwaka 2008 palikuwa na sheria, cheo ambacho rais hangeweza kukifuta, na bunge lenye mamlaka ya kuamua. Mwaka 2018 na 2024 palikuwa na maelewano ya hiari: waziri aliyetoka ODM huteuliwa na rais, baada ya kuidhinishwa na bunge, na anaweza kufutwa na rais huyohuyo wakati wowote, kama waziri mwingine yeyote. Mwaka 2008 serikali ilihitaji kura za ODM bungeni na mkataba ukaitambua haja hiyo kwa maandishi. Mwaka 2024 ODM iliendelea kushikilia uongozi wa upande wa wachache bungeni huku watu wake wakiwa katika baraza la mawaziri, kwa hiyo aliyetakiwa kuihoji serikali na aliyetakiwa kuitetea wakawa wa nyumba moja.

Ndiyo maana mapokezi ya Kisumu mwaka 2024 yaligawanyika kwa namna ambayo haikuonekana mwaka 2008. Kuna waliosema kwamba baada ya miaka mingi ya kuzika vijana ni haki barabara na viwanda vifike pia kwao. Na kuna waliosema kwamba waliouawa katika maandamano hawakufa ili mtu ateuliwe waziri. Nakuru nayo ilimpa Ruto kura nyingi mwaka 2022, na Oktoba 2024 ikamwona naibu wake, Rigathi Gachagua, akiondolewa madarakani, hivyo wapo wakazi wake wanaohisi kwamba nafasi walizozipigia kura zimegawiwa watu ambao hawakuwa kwenye karatasi ya kura. Hisia hizo mbili zitapimwa kwenye debe tarehe 10 Agosti 2027, uchaguzi ujao utakapofanyika. Kabla ya siku hiyo, kila chama kinachokusudia kushirikiana na kingine kinatakiwa kuuwasilisha mkataba wake kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, na mpiga kura wa Kondele au Kaptembwo ana haki ya kuudai na kuusoma: nani atateuliwa na nani, nani aweza kumfuta, na ni ipi kati ya ahadi hizo inaweza kupelekwa mahakamani ikivunjwa.